Hiyo Swichi ya Bafuni Itolewe Nje

Nenda bafuni kwako sasa hivi. Usiguse kitu, tazama tu. Swichi ya feni, au ya taa kama huna feni, iko wapi? Kama iko nje ya mlango, mshukuru aliyejenga na uendelee na shughuli zako. Kama iko ndani, simama pale unapoogea halafu unyooshe mkono. Ukiifikia, kaa tuongee.

Mimi yangu nilikuwa naifikia bila hata kunyoosha kiwiko. Naishi Kibarani, ukishavuka Makupa ukitoka kisiwani, upande wa malori na makontena. Bedsita yangu ni chumba kimoja, na kwenye kona wamekata kijibafu: choo, shawa na ndoo, vyote pamoja. Nimekipima kwa futi kamba. Mita moja kwa mita moja na robo. Hakina dirisha. Juu ya ukuta landilodi alitoboa tundu akatia feni ndogo ya kutoa hewa, na swichi yake akaipachika palepale kando ya shawa, kama mtu anayepachika kisahani cha sabuni.

Kabla hujamlaani, jua feni hiyo imetoka wapi. Wazee wetu hawakuihitaji. Ukienda Majengo ukaingia nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, utakuta ukumbi umepita katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, halafu nyuma kuna ua. Bafu na choo viko uani. Unaoga upepo unakupiga, mvuke unaenda zake. Leo kiwanja kilekile kinabeba ghorofa nne za bedsita, kila moja na bafu lake ndani kwa sababu sisi wenyewe ndivyo tunavyotaka. Nani siku hizi anataka kupanga foleni uani na taulo begani? Sasa bafu liko ndani, dirisha hakuna, na joto la Mombasa unalijua. Bila feni, ukuta unaota kuvu jeusi ndani ya wiki mbili, nguo zinanuka, kifua kinabana. Feni ile ndiyo dirisha letu. Na haili stima. Ya wati 20 inazunguka saa 50 kwa uniti moja ya tokeni. Kwa hivyo usinielewe vibaya: feni naitaka. Shida ni mahali swichi ilipowekwa.

Ilianza kwa kuwasha vidole. Unajua ule msisimko mdogo, kama sisimizi wanakutembelea? Nikawa nauita "salamu". Asubuhi nikizima feni baada ya kuoga, swichi inanisalimu. Nilikaa na salamu hizo kama miezi miwili, nikicheka nazo. Hapa nikukatize: kama swichi yako inakusalimu, hata kidogo, acha kuigusa leo. Ile hewa ya chumvi inayotoka kwenye mkono wa bahari nyuma yetu inaingia ndani ya kila kitu. Inakula shaba na skrubu, halafu ukijumlisha mvuke wa shawa, ndani ya kiboksi cha swichi kunakuwa na utando wa maji ya chumvi. Maji ya chumvi yanapitisha stima vizuri kuliko maji ya bomba.

Sasa nikuambie nilivyofanya ujinga, maana nisipokuambia utaufanya na wewe.

Mimi nilisoma umeme chuoni. Nilisoma, sikumaliza, karo iliisha kabla ya mimi kuisha. Kwa hivyo nilikuwa na elimu ile mbaya zaidi, ya nusu, inayokufanya uone aibu kumwita fundi. Nikaingia kwenye simu kutafuta video: jinsi ya kuhamisha swichi ya feni ya bafuni. Nikapata moja safi. Ni Mmarekani na mkewe, wanaishi kwenye yale magari makubwa yenye kitanda, jiko na bafu ndani, wanayoyaita RV. Swichi ya feni ya bafu lao ilikuwa imekaa pabaya, wakataka kuihamishia nje ya mlango. Jamaa akafungua kifuniko, akazishika nyaya kwa vidole vitupu huku akipiga hadithi, akakata, akaunga, akafunga. Mke anapiga makofi. Dakika kumi. Nikasema, kumbe hii kazi ni hii tu?

Kitu ambacho sikukitia akilini ni kwamba feni ya RV inatumia volti 12 za betri. Hapa kwetu ukutani kuna volti 240. Ni mara 20.

Hebu nikupigie hesabu, kwa sababu hii ndiyo hesabu ya pekee ya chuoni iliyonibaki kichwani. Mtu aliyelowa maji mwili wake unaweza kuwa na ukinzani wa omu elfu moja hivi. Gawanya 12 kwa 1,000, unapata miliampia 12. Utashtuka, utatukana, utaishi. Na kama mkono ni mkavu, ukinzani unapanda sana, husikii hata kitu; ndiyo maana yule Mmarekani anapiga hadithi. Gawanya 240 kwa 1,000 hiyohiyo: miliampia 240. Hiyo ikipita kifuani, moyo unaacha kupiga unaanza kutetemeka, na hapo kuna dakika chache tu. Hatari yao wao kwenye RV ni nyingine, ni moto, kwa sababu betri ikipigwa shoti inamwaga mkondo mwingi na waya unawaka kama fyuzi haikuwekwa sawa. Yetu ni kufa umesimama na povu la sabuni kichwani.

Najua kuna mmoja anasema: lakini breka itakata. Haikati, bana. Breka ya taa ni ya ampia 5 au 6, na imewekwa kulinda waya usiungue. Wewe unayetetemeka ukutani unavuta robo ya ampia. Kwa breka wewe ni balbu tu ya wati 60 imewashwa. Itakuacha uwake.

Basi. Nikazima swichi ya feni, ile ileile, nikadhani nimezima stima. Nikafungua kifuniko. Ndani nyaya mbili, mmoja mwekundu, mmoja mweusi. Kwenye video mweusi ndio uliokuwa na moto na mweupe ndio wa kurudi. Marekani ndivyo ilivyo hata majumbani: mweusi ni laivu, mweupe ni nyutro. Kwetu nyumba zilizotandazwa kwa mtindo wa zamani wa Kiingereza mwekundu ni laivu na mweusi ni nyutro. Zile mpya, kahawia ni laivu na bluu ni nyutro. Yaani rangi ileile moja, kule inakuua, huku kwa kawaida ndiyo salama. Nikajiambia mweusi ndio wa kuogopa, huu mwekundu hauna neno. Nikaushika mwekundu.

Sikumbuki kupiga kelele. Nakumbuka mkono ulivyojikunja na kiwiko kugonga mlango. Bahati niligusa kwa mgongo wa kidole, kwa hivyo misuli iliponikaza ilinitoa badala ya kunifanya nishikilie. Nilikaa chini kwenye kizingiti nikisikiliza malori yanavyopita barabarani, moyo unaenda kama ngoma ya harusi.

Ungedhani hapo nilipata akili. Sikupata. Nilipata woga, na kwa sababu ya woga nikaitafuta njia ya mkato ya pili.

Hapa Kibarani mafundi wa waya za magari hawakosekani. Malori yanasubiri zamu ya bandari, madereva wanalala humo humo kwenye kabini siku mbili tatu, na kila kabini ina kifeni, taa, redio, chaja. Fundi anayefunga vile vifeni vya lori ni mtu mwenye mkono mzuri, simdharau. Mmoja ni rafiki yangu, tunakunywa kahawa pamoja. Nikamwambia, "Kaka, nisaidie kutoa swichi bafuni." Akaja na begi lake. Akatoa nyaya nje kupitia tundu juu ya mlango, akaziunga na tepu, akafunga swichi ya lori, ile ya chuma yenye kijiti cha kubonyea juu na chini. Kwa kuwa waya haukutosha na mimi sikutaka kununua mwingine, swichi ikakaa chini kidogo, usawa wa kiuno changu. Tukawasha, feni ikazunguka. Mia tano, asante, kahawa juu yangu.

Yeye kazi yake ni volti 24. Kwenye lori kila chuma ni njia ya kurudi stima, mwili wote wa gari ni nyutro kwa namna fulani, na hakuna anayekufa kwa kugusa bodi. Akili ya mkono wake imefundwa hivyo kwa miaka. Swichi aliyonifungia imetengenezwa kwa volti 12 na 24; plastiki yake ya ndani haikufikiriwa kuzuia 240. Na tepu ile ya kuunga, kwenye joto na unyevu wetu, gundi yake inayeyuka na kuteleza.

Wiki tatu baadaye mtoto wa mama jirani, ana miaka sita, alikuja kwangu kama anavyokuja kila jioni kuangalia katuni kwenye simu. Alikuwa ametoka kuogeshwa. Akapita pale mlangoni mwa bafu, akaiona ile swichi inayong'aa iliyoko usawa wa kifua chake, akaishika.

Mtoto yuko salama. Nakuambia mapema ili usome ukiwa umetulia, kwa sababu mimi sikuwa nimetulia. Alirushwa akakaa chini, akanyamaza muda ambao kwangu ulikuwa mrefu mno, halafu akalia. Mamake alikuja mbio na kijiko cha mwiko mkononi. Nilimweleza ukweli wote. Hakunitukana. Alimbeba mwanawe akanitazama tu, na nafikiri ningependelea matusi.

Siku ya pili nilimwita fundi mwenye leseni. Na hapa nataka tuelewane kuhusu neno hilo. Sheria ya Kawi ya mwaka 2019 inataka anayefanya kazi ya kutandaza stima awe na kibali, na EPRA ndiyo inayotoa. Muulize fundi akuonyeshe. Hatakasirika akiwa nacho. Wangu alikitoa kwenye pochi kabla sijamaliza swali, akiwa na fahari kama mtu anayekuonyesha picha ya mwanawe.

Kitu cha kwanza alichofanya ni kwenda kwenye boksi la breka, akaizima breka ya taa, akatia tepu juu yake na karatasi: USIWASHE. Kisha akachukua testa akaigusisha kwanza mahali alipojua pana stima, kwenye soketi ya jikoni, kuhakikisha testa yenyewe ni nzima. Akaja kwenye swichi akapima. Akarudi tena kwenye soketi akapima mara ya tatu. Nikamuuliza mbona anazunguka. Akaniambia testa ikifa katikati ya kazi haikuambii imekufa, inakaa kimya, na wewe unadhani ukimya huo ni usalama. Mimi chuoni nilifundishwa hilo. Nilikuwa nimelisahau kabisa.

Akafungua swichi ya lori. Tepu ya kiungo kimoja ilikuwa imeteleza, shaba iko wazi, inagusa bamba la chuma la swichi. Bamba halina waya wa athi. Kama lingekuwa na athi, stima ingekimbilia ardhini. Bila athi, bamba likakaa tu na volti zake likisubiri mtu.

Halafu akaenda kwenye feni yenyewe akagundua la tatu, ambalo halikuwa langu wala la rafiki yangu: aliyejenga alikuwa amepitisha nyutro kwenye swichi badala ya laivu. Ule mwekundu nilioushika ulikuwa na moto kwa sababu unapokea stima kupitia koili ya feni. Maana yake, hata ukizima, feni inasimama lakini ndani yake bado ina volti zote. Ukipanda kwenye kiti kufuta vumbi ukidhani umeizima, umeizima nini? Hili huwezi kuliona kwa macho. Feni inazunguka sawasawa kwa njia zote mbili.

Kazi yenyewe ya kuhamisha, ukiifanya vizuri, ni ndogo kuliko unavyofikiria, na hili ndilo linalonikera zaidi. Hakupitisha waya juu wala kuzunguka mlango. Ukuta wa bafu una pande mbili. Alitoboa tundu moja nyuma ya kiboksi cha zamani hadi upande wa chumbani, akaweka kiboksi kipya mgongo kwa mgongo, usawa wa bega la mtu mzima. Nyaya zikavuka ukuta ndani ya kipande cha paipu. Pale ndani ya bafu akatoa swichi akafunika kwa kifuniko kitupu, chenye mpira pembeni wa kuzuia maji. Viungo akaviweka kwenye konekta za skrubu, siyo tepu. Akarudisha laivu kwenye swichi na nyutro moja kwa moja kwenye feni. Saa moja na nusu. Swichi mpya, kiboksi, kifuniko, konekta na kipande cha waya havikufika hata shilingi elfu moja dukani mjini. Yeye alitaka elfu moja na mia tano.

Nikamuuliza kwani haingewezekana kuiacha ndani, labda ukuta wa mbali na shawa. Akacheka. Kanuni za Kiingereza za kutandaza waya, ambazo mafundi wetu hufundishwa mpaka leo, zinahesabu eneo la hatari kwa sentimita. Shawa isiyo na beseni, eneo hilo ni mita 1.2 kutoka pale maji yanapotokea, na kwenda juu mpaka mita 2.25. Swichi ya kawaida ya ukutani haitakiwi humo. Kinachoruhusiwa kufika ni kamba tu ya ile swichi ya kuvuta, yenyewe ikiwa huko juu darini. Sasa rudi kwenye vipimo vyangu: mita moja kwa mita moja na robo. Bafu langu zima ni eneo la hatari. Hakuna ukuta wa mbali. Na nina hakika lako halina tofauti kubwa.

Ndiyo maana nasema swichi ya bafu la bedsita ikae nje, nukta, na aitoe mwenye nyumba kwa pesa zake. Siyo mpangaji.

Nilimpelekea landilodi risiti. Ni mzee wa heshima zake, nikaamkia, "Shikamoo mzee." "Marahaba, mwanangu, karibu uketi." Nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, halafu akaniambia nyumba hii ina miaka na haijaua mtu. Nikamwambia, mzee, haijaua kwa sababu mtoto yule alikaa chini badala ya kung'ang'ania. Akanyamaza. Mwishowe akakubali kukata nusu ya gharama kwenye kodi yangu, kwa sababu, alisema, nusu nyingine ni ya lile kosa nililolifanya na swichi ya lori. Hapo alikuwa na haki, sikubishana. Nikamuuliza vile vyumba vingine kumi na vitatu je? Akasema ataangalia.

Unajua "ataangalia" maana yake nini.

Wengine mtaniambia niende kwa sheria. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inakupa haki ya makao yanayofaa na viwango vya busara vya usafi. Maneno mazuri. Lakini ile sheria ya zamani ya kudhibiti kodi, yenye baraza lake la kusikiza malalamiko ya wapangaji, iliandikwa kwa nyumba za kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Nionyeshe bedsita ya 2,500 Mombasa leo nihamie kesho. Wengi wetu tunabaki na mdomo tu, na mdomo wa mpangaji mmoja unajibiwa kwa notisi.

Kwa hivyo nguvu yetu iko mapema, kabla hujalipa diposito. Tunapoenda kuangalia nyumba tunauliza maji yanakuja siku ngapi, tokeni ni ya peke yangu, kuna mbu, kuna kelele. Kwa nini hatuulizi swichi ya bafu iko wapi? Keateka anaposikia swali hilo mara kumi kwa wiki, na vyumba viwili vinakaa vitupu kwa sababu yake, mwenye nyumba atapata elfu mbili na mia tano haraka kuliko barua ya wakili. Uliza pia kama kwenye boksi la breka kuna RCD. Utaitambua kwa kile kitufe kidogo chenye herufi T. Ile ndiyo inayokulinda wewe na siyo waya: ikiona hata miliampia 30 zimepotea njia, inakata kabla moyo haujachanganyikiwa. Ukikibonyeza kitufe na haikati, imekufa, na ni kama haipo. Yetu hatuna. Nimeiweka kwenye orodha ya pili ya kumpelekea mzee.

Na wewe kijana mwenzangu mwenye bisibisi na bando la intaneti, sikukatazi kujifunza. Tazama video mpaka macho yauma. Mimi bado natazama. Ila kabla hujafungua kifuniko chochote uliza mambo mawili: huyu mtu yuko nchi gani, na nyaya zake zina volti ngapi? Ikiwa hujui majibu, unaangalia sinema. Na usimwachie rafiki yako wa lori kazi ya nyumba kwa sababu ni rafiki. Mimi na wangu bado tunakunywa kahawa, lakini nilimweleza yaliyompata mtoto, na siku ile kahawa yake alimwaga.

Niliandika karatasi tukaipitisha vyumba vyote, tukatia sahihi kumi na moja kati ya kumi na nne. Wawili walikataa, mmoja hafunguagi mlango. Tutampelekea mzee mwisho wa mwezi, siku ya kodi, wote kwa pamoja.

Mama jirani alikuwa wa kwanza kusaini. Swichi yake bado iko ndani, kando ya shawa, kama yangu ilivyokuwa. Kwa sasa anaizima kwa mpini wa ufagio wa mbao, na mwanawe haruhusiwi kuoga mpaka mamake awe amesimama mlangoni.